Maisha ya Georg Brandes, Msomi Aliyenyimwa Kiti



Katika kurasa za gazeti letu la shule zimepata kuandikwa habari za wafalme, za majemadari, na za wasafiri waliovuka majangwa. Muhula huu naomba nafasi niwaletee habari za mtu ambaye hakuvaa taji wala hakuongoza jeshi. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu na kueleza alichokisoma. Walakini alipofungua kinywa chake katika mji wake mwenyewe, watu wengi walikasirika kana kwamba ameleta maadui mpaka mlangoni.

Mtu huyo ni Georg Brandes, Mdenmaki aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1927. Alikuwa bingwa wa fasihi ya Kifaransa, na kwa muda mrefu waandishi wengi wa Denmaki, Norwei na Uswidi walipotoa kitabu kipya walingoja kwa hofu kusikia Brandes atasema nini. Nimemchagua kwa sababu moja. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Brandes aliamini ya kwamba neno hilo ni kweli hata kwa vitabu, na kwa kuamini hivyo alikosa kiti alichostahili, kisha akaihama nchi yake. Nataka tufuatane naye tangu mwanzo hata mwisho, ndipo tuulizane ni nani aliyepata hasara.

Kwanza yafaa tujue nchi yake. Denmaki ni nchi ndogo iliyo kaskazini ya Ujerumani, nusu yake ni rasi na nusu ni visiwa. Mji wake mkuu ni Copenhagen. Kwa karne nyingi mfalme wa Denmaki alitawala na Norwei pia, mpaka mwaka 1814 nchi hizo mbili zilipotengana. Hata baada ya kutengana, lugha ya maandishi ya Wanorwei ilikuwa karibu sana na Kidenmaki, na waandishi wao wakubwa waliendelea kupiga chapa vitabu vyao Copenhagen. Kwa hiyo mtu akisema neno Copenhagen juu ya vitabu, lilisikika hata Norwei. Tena mwaka 1864 Denmaki ilipigana na Prussia na Austria, ikashindwa, ikanyang'anywa majimbo ya kusini. Taifa lililoshindwa aghalabu hujifungia ndani. Watu wa Denmaki walijifariji kwa mashairi ya zamani na sifa za mababu, na hawakupenda kusumbuliwa na mambo ya nje.

Georg Brandes alizaliwa Copenhagen tarehe 4 Februari, 1842. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na jamaa yake walikuwa Wayahudi, ingawa nyumbani kwao hawakushika sana desturi za dini. Alikuwa na wadogo wawili, Ernst na Edvard. Huyo Edvard naye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, kisha Waziri wa Fedha. Georg aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1859, akiwa na miaka kumi na saba, yaani umri wangu mimi sasa. Alianza kwa kusoma sheria, lakini sheria haikumshika moyo. Akaiacha, akaingia katika falsafa na fasihi, na mwaka 1862 alipata nishani ya dhahabu ya Chuo kwa insha aliyoiandika.

Katika masomo yake alikutana na maandiko ya mabwana wawili wa Kifaransa waliombadilisha kabisa. Wa kwanza ni Sainte-Beuve, aliyekuwa akichambua vitabu kwa kuchunguza maisha ya mtu aliyekiandika kitabu. Wa pili ni Hippolyte Taine. Huyu alifundisha ya kwamba kitabu hakianguki kutoka mbinguni. Ukitaka kukielewa, tazama mambo matatu: taifa alilotoka mwandishi, mazingira aliyokulia, na wakati alioishi. Mimi nayafananisha na shauri la mkulima wa miembe. Akionja embe tamu haishii kulisifu, bali huuliza ni mbegu gani, udongo gani, na mvua za mwaka ule zilikuwaje. Brandes alilipenda fundisho hili, lakini hakulimeza lote. Aliona ya kwamba udongo mmoja huotesha miembe mingi, na katika hiyo mmoja tu ukazaa matunda ya ajabu. Kwa hiyo baada ya kuupima udongo, hapana budi kuutazama na mti wenyewe. Mwaka 1870 aliandika kitabu juu ya mafundisho hayo ya Wafaransa, na kwa kitabu hicho akapewa shahada ya udaktari.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo jingine lililowashangaza wengi. Mwingereza John Stuart Mill alitoa kitabu cha kupinga utumwa wa wanawake mbele ya sheria na katika ndoa. Brandes alikitafsiri kwa Kidenmaki mwaka ule ule wa 1869. Wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba kuwaambia wazee wa mji ya kwamba mke si mali ya mumewe lilikuwa jambo zito. Twaona basi ya kuwa tangu ujana wake alitafuta vitabu vinavyouliza maswali, hata kama maswali yenyewe yanachoma.

Mwaka 1870 alisafiri. Alifika Paris, akakutana na Taine mwenyewe, na pia Ernest Renan, msomi mkubwa wa mambo ya dini na historia. Akaonana na Mill vile vile. Lakini mwezi wa Julai vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Brandes akaondoka Paris kuelekea Italia. Huko Roma akashikwa na homa ya matumbo. Alilala kitandani miezi kadhaa, mbali na mama yake na ndugu zake, akiwa hajui kama atapona. Katika siku hizo alipata barua kutoka kwa Henrik Ibsen, Mnorwei mtunzi wa michezo ya kuigiza, ambaye wakati huo alikaa mji wa Dresden nchini Ujerumani. Ibsen alimtia moyo, akamweleza ya kuwa kubadili serikali peke yake hakutoshi, na kwamba linalotakiwa ni kugeuza roho za watu. Brandes alipopata nguvu alianza safari ya kurudi, na mwezi wa Julai 1871 akapitia Dresden, ndipo wawili hao wakaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Urafiki wao ulidumu, ingawa haukukosa mawimbi.

Sasa nafika siku iliyoyageuza maisha yake. Tarehe 3 Novemba, 1871, Brandes alisimama katika Chuo Kikuu cha Copenhagen kutoa hotuba ya kwanza kati ya hotuba nyingi alizozikusudia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Ukumbi ulijaa watu. Aliwaambia wenzake ya kwamba fasihi ya Denmaki imebaki nyuma ya Ulaya kwa miaka kama arobaini. Akasema pia ya kuwa fasihi iliyo hai ni ile inayoyaweka mbele ya watu mambo yanayowasumbua ili wayajadili: ndoa, dini, mali, na jinsi mume na mke wanavyoishi pamoja. Fasihi isiyojadili kitu, kwa maoni yake, inakaribia kufa.

Habari aliyoieleza katika hotuba zile ilikuwa kama mchezo mkubwa wa kuigiza wenye sehemu sita, nao haukuhusu nchi moja. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yaliwasha moto wa uhuru. Baadaye watu waliogopa moto huo, na nchi nyingi zikarudi nyuma, zikawanyenyekea tena wafalme na wakuu wa dini kama zamani. Kisha polepole uhuru ukaanza kuchipua upya. Brandes alikitaja hasa kifo cha mshairi Mwingereza Byron, aliyekufa mwaka 1824 huko Ugiriki alikokwenda kuwasaidia Wagiriki wapate kujitawala, kuwa mahali ambapo mambo yaligeuka. Mchezo huo uliishia kwenye mapinduzi ya mwaka 1848. Na yote hayo aliyaonyesha kwa kuvisoma vitabu vya Wafaransa, Wajerumani na Waingereza.

Hotuba za kwanza zilipigwa chapa mwaka 1872. Zilihusu waandishi wa Kifaransa waliofukuzwa au kuikimbia nchi yao wakati wa Mapinduzi na wakati wa Napoleon. Mmoja wao ni Bibi de Staël. Bibi huyu hakuogopa kumpinga Napoleon, naye Napoleon akamfukuza Paris. Akaishi ukimbizini Uswisi, kando ya ziwa la Geneva, akaandika kitabu cha kuwaeleza Wafaransa fasihi na fikira za Wajerumani. Mwaka 1810 askari wa Napoleon walikiharibu kitabu hicho kabla hakijauzwa, kisha mwaka 1813 kikatoka London. Nadhani msomaji ataona kwa nini Brandes alimpenda bibi huyu. Alikuwa mtu aliyewaletea watu wake fikira za jirani, akaadhibiwa kwa kufanya hivyo. Brandes hakujua bado ya kwamba anaandika habari zitakazompata yeye mwenyewe.

Maana ghadhabu ilikuwa imekwisha kuwaka. Magazeti mengi yalimshambulia, wala hayakutaka kupiga chapa majibu yake. Wengine walisema ni mkana Mungu, wengine walisema anawapotosha vijana, na wengine walimkumbusha ya kwamba yeye ni Myahudi, kana kwamba kuzaliwa ni kosa. Mwaka 1872 alifariki mzee Carsten Hauch, mshairi aliyekuwa profesa wa somo la fasihi katika Chuo Kikuu. Hauch mwenyewe, ijapokuwa alikuwa mtu wa mambo ya zamani, alimtambua Brandes kuwa ndiye afaaye kumfuata. Lakini wakubwa walikataa. Ajabu ni kwamba walipokwisha kumkataa hawakumweka mtu mwingine, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kujilinganisha naye. Kiti kile kikakaa kitupu miaka mingi.

Brandes hakunyamaza. Yeye na mdogo wake Edvard walianzisha jarida mwaka 1874, wakaliendesha kwa miaka mitatu. Sehemu ya pili ya kazi yake kubwa, iliyohusu Ujerumani, ilitoka 1873. Ya tatu, iliyoeleza jinsi Wafaransa walivyogeuka nyuma baada ya Mapinduzi, ilitoka 1874. Ya nne, iliyohusu washairi wa Uingereza, ilitoka 1875. Lakini mtu hali karatasi. Mlango wa Chuo ulikuwa umefungwa, na magazeti yalikuwa yamefungwa. Mwaka 1877 akafunga virago, akahamia Berlin, mji mkuu wa taifa lile lile lililoipiga nchi yake miaka kumi na mitatu kabla.

Huko Berlin alikaa hata mwaka 1883. Alijifunza kuandika Kijerumani vizuri kiasi cha kuishi kwa kalamu yake. Na jambo moja likatokea ambalo adui zake hawakulitazamia. Kwa kumfukuza katika mji mdogo walimsukuma kwenye uwanja mpana. Jina lake lilisikika sasa Ujerumani na kwingineko, na vitabu vyake vikaanza kusomwa katika lugha nyingi.

Wakati huo huo maneno aliyoyapanda mwaka 1871 yalikuwa yakiota, na mahali yalipoota vizuri sana ni Norwei. Ibsen aliacha kuandika michezo ya mashujaa wa kale, akageukia nyumba na miji ya wakati wake. Mwaka 1877 alitoa mchezo juu ya wakubwa wa mji wanaoficha uongo nyuma ya heshima yao. Mwaka 1879 alitoa ule wa mke anayeondoka nyumbani baada ya kugundua kwamba mumewe humchezea kama mtoto mwanasesere. Mchezo huo uliwagombanisha watu Ulaya nzima. Bjørnstjerne Bjørnson, Mnorwei mwingine ambaye mwaka 1903 alipata tuzo ya Nobel ya fasihi, naye aliandika juu ya mambo ya wakati ule. Sisemi ya kwamba Brandes ndiye aliyewafanya waandike. Watu hao walikuwa na vipaji vyao. Nasema tu kwamba alifungua dirisha, na wao walikuwa chumbani.

Mwaka 1883 Brandes alitoa kitabu juu ya waandishi hao wapya, na kuanzia hapo kizazi kile kikajulikana kwa jina alilokipa yeye, yaani kizazi cha kupenya kwa mambo mapya. Hapa napenda kusema neno la kumlaumu. Katika jina la kitabu aliwataja wanaume tu, na ndani yake mlikuwa na wanaume tu, hali wakati ule walikuwako wanawake walioandika vizuri katika nchi hizo. Mtu aliyekitafsiri kitabu cha Mill alipaswa kuwaona. Bingwa akisifiwa na asahihishwe pia, kwani yeye mwenyewe hakumwonea haya mtu yeyote.

Mwaka huo huo wa 1883 alirudi nyumbani. Hakurudi kwa kuwa Chuo kimemwita. Watu waliopenda kazi yake walichanga fedha ili apate riziki na aweze kutoa hotuba Copenhagen bila kumtegemea mkubwa yeyote. Mwaka mmoja baadaye, 1884, alitoa kitabu juu ya Ludvig Holberg. Huyu Holberg alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1684, akaishi Copenhagen. Mwaka 1722, ukumbi wa kwanza wa kuigiza michezo kwa Kidenmaki ulipofunguliwa, ndiye aliyeuandikia michezo ya kuchekesha. Holberg alijifunza mengi kwa Mfaransa Molière, walakini wakulima na wafanyabiashara waliomo katika michezo yake ni Wadenmaki wa kweli, wala si Wafaransa waliovaa nguo za kuazima. Naona kitabu hiki kilikuwa jibu zuri kwa wale waliomwita Brandes msaliti wa mila. Baba wa michezo ya kuigiza ya nchi yao alikuwa amempokea mgeni miaka mia na hamsini kabla ya Brandes, na nyumba haikubomoka.

Kazi ile kubwa ya sehemu sita aliimaliza mwaka 1890. Mimi navutwa zaidi na sehemu ya tano, iliyotoka 1882 alipokuwa bado Berlin, maana hapo anarudi Ufaransa. Anamweleza Victor Hugo, ambaye mchezo wake wa mwaka 1830 uliwafanya vijana na wazee wazozane ndani ya ukumbi. Anamweleza George Sand, bibi aliyejipa jina la kiume akaandika juu ya wanawake wasio na furaha katika ndoa. Anamweleza Balzac, aliyetaka kuyatia maisha yote ya Wafaransa katika riwaya zake, kuanzia mabenki hata vibanda. Anamweleza na Stendhal, ambaye watu wa zamani zake walimpuuza. Brandes hawasifu tu. Anauliza kila mmoja alitoka wapi, alitaka nini, aliogopa nini, na wakati wake ulimfanya nini.

Macho yake hayakuishia Ufaransa. Mwaka 1888 alitoa hotuba Copenhagen juu ya Friedrich Nietzsche, Mjerumani mwenye falsafa kali, ambaye wakati huo karibu hakuna aliyemjua. Hotuba hizo ndizo za kwanza kutolewa hadharani juu yake, na Nietzsche mwenyewe alipata kusikia habari zake kabla hajapatwa na wazimu mwezi wa Januari 1889. Kadhalika Brandes alisafiri Polandi, nchi iliyokuwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Katika sehemu ya Warusi aliona watoto wakifundishwa shuleni kwa Kirusi, na lugha ya wazazi wao ikisukumwa pembeni. Akaandika kitabu cha kuwatetea Wapolandi, kilichotoka 1888. Baadaye aliwatetea Waarmenia pia walipouawa kwa wingi katika dola ya Waturuki. Nataja hayo kwa sababu wapo wanaodhani ya kuwa mtu apendaye fasihi ya kigeni hudharau lugha za watu wadogo. Brandes hakuwa hivyo.

Mwaka 1901 serikali ya Denmaki ilibadilika, wazee waliomchukia wakaondoka madarakani, na mwaka 1902 serikali mpya ikampa cheo cha profesa. Alikuwa na miaka sitini. Tangu kifo cha mzee Hauch ilikuwa imepita miaka thelathini. Cheo hicho hakikumlazimu kufundisha. Kilikuwa heshima tu, kama kumpa mtu chakula wakati amekwisha kujipikia.

Labda msomaji atadhani kuanzia hapo aliishi raha mustarehe. La hasha! Mwaka 1914 vilizuka Vita Vikuu vya Kwanza. Denmaki haikujiunga na upande wowote, na Brandes naye alikataa kusema ya kwamba upande mmoja ni malaika na mwingine ni shetani. Aliona mataifa yote makubwa yana mikono michafu, na kwamba vita ni hasara kwa wote. Rafiki yake wa zamani, Georges Clemenceau, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, alikasirika sana, akavunja urafiki wao mbele ya watu katika gazeti mwaka 1915. Fikirini basi: mtu aliyenyimwa kiti kwao kwa kuipenda mno Ufaransa, sasa analaumiwa na Mfaransa kwa kutoipenda vya kutosha. Wako wanaosema alikosea, kwa sababu Ubelgiji ilivamiwa bila kosa. Mimi naona hoja yao ina nguvu. Lakini sioni kama alisema vile kwa woga, kwani aliyekuwa akimpoteza ni rafiki, na fedha wala sifa hakupata.

Katika uzee wake aliandika vitabu vikubwa juu ya watu wakubwa: Goethe mwaka 1915, Voltaire mwaka 1916 na 1917, Julius Caesar mwaka 1918, na Michelangelo mwaka 1921. Hapa yafaa kusema kasoro yake nyingine. Alizidi kuamini ya kwamba dunia husukumwa na mabingwa wachache, na watu wa kawaida akawaona kama majani tu. Pia alikuwa mkali, mwepesi wa kugombana na mgumu wa kusamehe. Hata hivyo mwenye kuandika maisha ya Voltaire akiwa na miaka sabini na mitano si mtu wa kubezwa. Alifariki Copenhagen tarehe 19 Februari, 1927, akiwa amekwisha kutimiza miaka themanini na mitano.

Sasa narudi kwenye swali nililoliweka mwanzoni. Ni nani aliyepata hasara? Brandes aliumia, hilo halina shaka, lakini aliandika sehemu zake sita, akasomwa na ulimwengu. Chuo nacho kilibaki na majengo yake. Mimi kwa kuwa ni mwanafunzi nawafikiria wanafunzi. Nawafikiria vijana walioingia katika Chuo kile baada ya mwaka 1872, wakasoma, wakamaliza, wakaenda zao, na kiti cha somo lile kilikuwa kitupu, hali mtu aliyekifaa anafundisha mji mwingine kwa lugha nyingine. Vijana hao hawakumkataa. Waliomkataa ni wakubwa waliosema wanawalinda. Mwalimu akikataliwa kwa kuwa anauliza maswali, hasara yake yeye ni kiti, lakini hasara ya mwanafunzi ni elimu ambayo hatajua hata kama aliikosa.

Bwenini kwetu husikika mara kwa mara maneno mawili yanayopingana. Wengine husema vitabu vya wageni ni kujitia utumwani, tuviache. Wengine husema vya wageni ndivyo vyenye maana, vya kwetu ni vya kupotezea wakati. Maisha ya Brandes hayakubaliani na upande wowote. Hakutaka Wadenmaki wawe Wafaransa. Aliwasoma Wafaransa ili awaulize wenzake kwa nini wao hawasemi juu ya ndoa zao, mali zao na imani zao kwa uwazi kama ule. Waliomwelewa vizuri hawakukaa kuiga Paris. Ibsen aliandika juu ya miji midogo ya Norwei, katika lugha yake, na Paris yenyewe ikaja kuitazama michezo yake.

Basi, wanafunzi wenzangu, katika muhula huu uliobaki kabla ya mitihani yetu, mtu akikuta kitabu cha kigeni katika maktaba asikisome kwa ajili ya kujibia maswali ya mtihani tu. Akifunge, aulize: jambo hili kwetu liko? Nani ameliandika? Na ikiwa hakuna aliyeliandika, kalamu anayo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne